Nyumba Iliyo Ndani ya Taa

Ajiko alikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hakuwa amelala usingizi wa kumtosha. Waliomwona katika soko la Malaba akisinzia nyuma ya mafungu yake ya mihogo walidhani ni maradhi. Wengine, wale wasioweza kufunga mdomo, walisema ni ajon, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija. Hayakuwa maradhi wala pombe. Zilikuwa taa.

Alizaliwa Amukura, mbali na barabara kubwa, mahali ambapo usiku ukiingia umeingia. Mama yake alikuwa akimtuma kwa jirani kuomba kaa la moto bila hata kibatari, naye alienda na kurudi kwa kuijua njia kwa nyayo. Alipoolewa na Okedi aliteremkia upande wa Malaba, kwenye shamba linalopakana na lami. Wiki ya kwanza mama mkwe alimshika mkono, akamzungusha, akamwonyesha vichuguu vitatu.

"Cha juu ni cha mzee. Cha katikati ni changu. Kile cha chini, karibu na jikoni, ni chako," alimwambia. "Kitunze. Mwaka ambao shamba litakunyima, hicho hakitakunyima."

Kwa watu wa kwao kichuguu ni mali kama ng'ombe. Kuna ndugu wa tumbo moja walioacha kusalimiana kwa sababu ya kichuguu. Ajiko alikitunza chake. Mvua za kwanza zilipokaribia alikijengea kibanda cha fito na majani, akakifunika blanketi kuukuu, akaacha tundu moja tu lililoelekea kwenye shimo, na juu ya shimo akaweka kibatari. Kumbikumbi walitoka wakafuata ule mwanga mdogo, wakaanguka humo ndani kama mchele unaomiminwa. Aliwakaanga, akawaanika, akawauza kwa vikombe mpaka Busia mjini. Mama mkwe alipofariki, kile cha katikati kikawa chake pia.

Wakati huo malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda yalikuwa tayari yanalala barabarani, moja nyuma ya jingine, kilomita baada ya kilomita. Usiku mmoja wezi wa dizeli walimchoma kisu dereva mmoja mbele ya shamba la Okedi. Mtu yule alijikokota hadi kwenye mlango wa Ajiko. Ajiko alikiweka kichwa chake mapajani, akambana jeraha kwa leso, na Okedi akakimbia kutafuta gari. Gari lilipofika lilikuta amekwisha kukata roho. Hawakuwahi kujua jina lake. Kwa miezi mingi Ajiko hakuthubutu kutoka nje jua likishazama.

Basi Bwana Oduori alipokuja kutoka Busia na wazo la kujenga yadi ya kuegeshea malori, hakuna aliyemwona kama adui. Alikuwa mtu mnene, mpole, mfanyabiashara aliyeanza kwa kuuza maji kwa madereva na ndoo kichwani. Alitaka kukodi nusu ya shamba, ile ya juu, kwa miaka kumi na mitano. Mercyline, binti yao wa pekee, alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi na hapakuwa na njia nyingine ya kumpeleka. Mbele ya bodi ya ardhi, afisa alimgeukia Ajiko, kwa kuwa sheria inataka mke naye akubali.

"Mama, umelazimishwa na mtu?"

"Hapana," alisema Ajiko, akatia sahihi.

Neno hilo "hapana" ndilo lililomsumbua baadaye. Kama angelazimishwa, angekuwa na mtu wa kumlaumu.

Yadi ilipojengwa, kichuguu cha mzee kilisawazishwa na tingatinga kwa asubuhi moja. Kokoto zikamwagwa, ukuta wa mabati ukasimamishwa, na nguzo sita ndefu zikapandwa, kila moja na taa nne nyeupe za aina ambayo watu huita mulika mwizi. Okedi, ambaye goti lake moja lilikuwa bovu na hakuweza tena kulima siku nzima, alipewa kazi ya soja wa usiku, ya kuilinda yadi. Jioni ya kwanza yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza swichi. Majirani walipiga makofi. Ajiko naye alipiga makofi.

Aliporudi ndani alikuta chumba cha kulala kimejaa mwanga. Uliingia kwa dirisha, ukaingia kwa nafasi iliyo kati ya ukuta na bati, ukaingia hata kwa matundu ya misumari na kumwaga vidoti vyeupe juu ya blanketi. Aliweza kuisoma kalenda ukutani. Alifunika dirisha kwa gunia. Mwanga ukapita katikati ya nyuzi. Alijifunika leso usoni; akakosa hewa. Usiku wa manane alitaka kwenda chooni, na katikati ya uwanja wake alijikuta ana vivuli vinne, huku madereva wakimtazama kutoka vyumba vya juu vya malori yao kama watazamaji walio jukwaani. Mmoja alimpigia honi kwa utani. Tangu siku hiyo aliweka ndoo ndani.

Majogoo waliwika saa tano usiku, saa saba, saa tisa. Mbwa aliacha kubweka kwa kuwa hakujua tena abweke lini. Mtama wa mistari minane iliyokaribia ukuta ulirefuka, ukanenepa majani, ukakataa kutoa masuke, na ule wa mbali ulikuwa umeshavunwa. Halafu mvua za Aprili zikaja.

Ajiko alikijengea kichuguu chake kibanda kama kila mwaka. Akawasha kibatari, akaketi kwenye kigoda. Kumbikumbi walianza kutoka, na kabla hajapata kuziba pengo lililobaki juu ya kibanda walikwisha kupenya, wakampita kichwani, wakapanda kwa maelfu kuelekea zile taa. Alisimama akawatazama. Walizizunguka nguzo kama moshi, wakadondoka kwenye kokoto, na malori yakawakanyaga. Matingo waliwazoa kwa ufagio na kuwatia kwenye madebe ya oili. Ndani ya shimo lake walikuwamo wachache wa kujaza sahani moja.

Siku iliyofuata alikuwa sokoni na hana kumbikumbi wa kuuza. Mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye miwani na viatu vya mpira, akasimama mbele yake.

"Niliambiwa hapa ndipo kwa Ajiko wa kumbikumbi."

"Ndipo. Lakini mwaka huu hakuna, mama. Wameenda kwa taa."

Yule mwanamke hakucheka. Aliketi juu ya gunia. "Nieleze vizuri. Wameendaje?"

Hivyo ndivyo alivyokutana na Brigid, nesi mstaafu wa Amukura. Ajiko alimweleza yote, hata habari za ndoo, ambazo hakuwa amemwambia mtu. Brigid akamwambia kwamba yeye na wenzake kumi na wanne walikuwa na kikundi kiitwacho Linda Giza. Walianza kwa sababu ya mtama wake mwenyewe uliokataa kuzaa kando ya taa ya ghala jipya. Mwalimu Zephaniah, anayefundisha fizikia, akawaeleza kwamba mtama huhesabu urefu wa usiku, na ukikosa usiku haujui wakati wa kuzaa. Kisha akawaonyesha nyota kwa darubini aliyoazima, na tangu hapo kila mwezi, mwezi ukiwa haupo angani, walikutana juu ya mwamba wa Amukura.

"Mnafanya nini huko?" Ajiko aliuliza.

"Tunatazama. Tunaimba kidogo. Wazee wanatuambia majina ya nyota waliyofundishwa. Na tunaandika barua kwa wenye taa, tuwaombe wazielekeze chini." Brigid alivua miwani akaifuta. "Watu wanatuita wakimbiaji wa usiku, kama wachawi. Chifu alishatuma mtu kuja kuchunguza kama tunakimbia uchi."

Ajiko alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Jumamosi iliyofuata alipanda boda boda hadi Amukura. Walipanda mwamba jua likizama, watu kama ishirini, na blanketi, na chai kwenye chupa. Giza likaja polepole kutoka upande wa Bukhayo, likafika miguuni, likafika kiunoni, likawafunika. Ajiko aliutandaza mwili wake juu ya jiwe lililokuwa bado na joto la mchana. Aliona nyota tatu, nne. Alisikia Mwalimu Zephaniah akianza kueleza jambo. Kisha hakusikia tena.

Alipofumbua macho kulikuwa kumekucha. Alikuwa amefunikwa leso tatu ambazo hazikuwa zake, na Brigid alikuwa ameketi kando yake peke yake, anakunywa chai.

"Wengine wako wapi?"

"Waliteremka zamani. Nikasema huyu haamshwi."

"Sikuona chochote!" Ajiko alisema kwa aibu.

"Umelala kwa muda wa saa kumi na moja, dada. Mimi ni nesi. Hakuna kitu hapa juu ulichokihitaji kuliko hicho."

Ajiko aligeuza uso upande wa pili ili asionekane akilia.

Aliendelea kwenda kila mwezi, na kila mwezi alilala. Wenzake walilizoea hilo, wakamtengea mahali pasipo na upepo. Lakini kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Boda boda ikishateremka na kukaribia barabara kubwa, aliuona ule mwanga mweupe juu ya nyumba yake hata kabla ya kuyaona malori.

Mwaka wa pili Bwana Oduori aliomba kibali cha kupanua yadi. Kaunti ikatangaza kwamba afisa wa mazingira atakuja kuwasikiliza wananchi mbele ya ofisi ya chifu. Linda Giza walikutana kwa Brigid.

"Sisi tukisema, watatuambia hatukai pale," alisema Mwalimu Zephaniah. "Anayeishi ndani ya hizo taa ni mmoja tu."

Wote walimtazama Ajiko. Ajiko alitazama mikono yake.

Jioni hiyo alimweleza mumewe alipokuwa akivaa koti la kazi. Okedi alifunga vifungo vyote kabla ya kujibu.

"Mama Mercyline, wewe unataka mimi nimwambie bosi nini?"

"Wewe usimwambie kitu. Nitasema mimi."

"Wewe ukisema ni mimi nimesema. Nikifukuzwa na hili goti, nani ataniajiri? Na huyu mtoto amebakiza mwaka mzima chuo."

"Baba Mercyline, mimi silali."

"Najua hulali. Unafikiri sioni? Kila usiku nikizunguka naona kivuli chako dirishani. Mimi ndiye nawasha zile taa." Alichukua rungu lake mlangoni. "Kila jioni nikibonyeza ile swichi najua nimekuamsha. Lakini nisipobonyeza mimi, atabonyeza mwingine."

Akatoka. Ajiko alimsikia akivuka uwanja kwa mguu wake unaoburuta, na baada ya muda mfupi nyumba ikawa nyeupe.

Siku ya baraza watu walijaa. Ajiko alivaa gauni lake la kanisani. Alipoitwa alisimama akasema maneno yake yote bila kukosea: mtama, kumbikumbi, choo, usingizi. Afisa aliandika. Ndipo Bwana Oduori akaomba kuzungumza, akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Mimi nakubali yote aliyosema huyu mama. Ni jirani yangu, simwiti mwongo. Lakini nataka kumuuliza kitu kimoja tu, kwa heshima. Mama Mercyline, unamkumbuka yule dereva?"

Ajiko alihisi tena uzito wa kile kichwa mapajani. Damu ilikuwa imepenya leso, ikapenya gauni, na mtu yule alikuwa akimtazama machoni kana kwamba yeye ndiye atakayemwambia la kufanya.

"Namkumbuka," alisema.

"Tangu taa ziwekwe, amekufa mwingine?"

"Hapana."

"Asante, mama." Oduori akaketi. Hakukuwa na dharau usoni mwake, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Ajiko alibaki amesimama. Alijua alipaswa kuketi. Brigid alimvuta gauni kidogo. Lakini neno lilimtoka.

"Nilimshika mimi. Hakuna mtu hapa anayetaka malori yalale gizani, wala mimi. Lakini Bwana Oduori, taa zako hazitazami malori. Njoo usiku ulale kwangu uone zinatazama nini. Zinatazama kitanda changu. Zinatazama juu ambako hakuna mwizi. Mimi naomba zitazame chini tu. Ni hilo tu naomba."

Mtu mmoja nyuma alipiga makofi, kisha akaacha alipoona yuko peke yake. Afisa alisema kaunti itatafakari.

Okedi hakufukuzwa. Badala yake, baada ya siku tatu alirudi nyumbani na kifurushi. "Bosi amekutumia hii." Lilikuwa pazia zito, la rangi ya samawati, la aina inayowekwa katika hoteli kubwa. Ajiko alilikunjua mezani akalitazama muda mrefu. Hakuwa na nguvu za kulikataa. Alilitundika, na usiku huo chumba kikawa na giza, na joto kama la tanuri. Chini ya bati, bila hewa, alilowa jasho mpaka godoro likalowa. Akalifungua. Mwanga ukaingia. Akalifunga. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka alfajiri akifungua na kufunga, na hakujua lipi alilichukia zaidi.

Habari za pazia zilifika Amukura kabla yake. Kwenye mkutano uliofuata mwanamume mmoja alisema wazi kwamba kuna watu wanaonunuliwa kwa kitambaa. Brigid alimkemea, lakini Ajiko aliona wengine wameinamisha macho. Kule nyumbani yeye ndiye mwanamke anayewapenda wezi; huku mlimani yeye ndiye aliyepokea hongo. Siku hiyo hakulala juu ya mwamba. Alijilaza tu, macho wazi, akijifanya amelala ili asizungumzishwe.

Aliyefungua njia kidogo alikuwa Mwalimu Zephaniah. Alichora kifuniko cha taa, kama kofia yenye ukingo mrefu, akampelekea fundi wa kuchomelea vyuma aliyekikata kutoka kwa pipa la mafuta. Ajiko alipokileta nyumbani, Okedi, ambaye hakuombwa kitu, ndiye aliyekichukua mkononi akakigeuza, akakitazama ndani na nje.

"Nitamwambia bosi tujaribu," alisema. "Nguzo mbili za upande wetu. Juma moja."

"Akikataa?"

"Akikataa amekataa. Hawezi kunifukuza kwa kuuliza."

Oduori alikubali, kwa sharti moja: kitu kikiibwa juma hilo, Okedi aende na wezi, asirudi tena kazini. Ndivyo alivyosema, huku akitabasamu. Okedi alipanda ngazi na goti lake lile, akafunga vifuniko vinane kwa waya na misumari ya skrubu, na kwa usiku saba hakuketi hata mara moja. Alizunguka tu, rungu mkononi, kama mtu anayelinda mgonjwa. Usiku wa tano, kwa kuwa taa hazikumpiga tena machoni, alimwona mtu amechutama nyuma ya gurudumu la trela na mpira wa kufyonzea dizeli. Zamani asingemwona. Alipiga firimbi, yule mtu akaruka ukuta akaacha mpira wake. Asubuhi madereva wawili walimwambia Oduori kwamba sasa hata wao wanalala vizuri.

Vifuniko vikabaki. Ajiko aliyaona maajabu hayo kwa mara ya kwanza akiwa kitandani: ukuta uliokuwa mweupe ukawa wa kijivu, na kalenda haikusomeka. Alimwita mumewe alipopita dirishani.

"Baba Mercyline, umefanya kitu kikubwa."

"Lala," Okedi alisema. "Lala sasa."

Alilala miezi mitatu. Kisha kibali kikaja. Kilikuwa na sharti lililoandikwa kwa herufi nzuri, kwamba taa zote zielekezwe chini. Oduori alikodi mashamba ya majirani wawili, moja kulia, jingine nyuma, na tingatinga likarudi. Ukuta mpya wa mabati ukapita pale ilipopita njia ya Ajiko ya kwenda barabarani. Nguzo nne mpya zilisimama nyuma ya jikoni, bila kofia. Brigid alienda kaunti na nakala ya kibali mkononi. Aliambiwa afisa wa kukagua ni mmoja kwa kaunti nzima na gari lake ni bovu. Alipomuuliza Oduori, yeye alisema vifuniko vitakuja, pole pole, hakuna haraka.

Kwa hiyo upande wa mashariki Ajiko alikuwa na giza, na upande wa magharibi hakuwa nalo. Alihamisha kitanda kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mwanga ulimfuata kupitia mlango.

Desemba, kiangazi kilipoitakasa anga, Linda Giza waliandaa sherehe yao kubwa, Usiku wa Giza. Watu walitoka Busia na Bukhayo, wengine kwa udadisi wa kuwaona wakimbiaji wa usiku. Kwaya ya kanisa iliimba bila taa, kwa kukariri. Yule mwanamume aliyesema habari za kitambaa alimletea Ajiko kikombe cha chai, akasimama kando yake mpaka alipokinywa. Usiku huo Ajiko alikataa kulala. Alikitafuta Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, akakikuta juu sana angani. Alipochungulia kwenye darubini alikuta pale ambapo jicho lilikuwa likiona nyota sita kuna nyingi zisizohesabika. Aliondoa jicho, akarudisha, akaondoa tena.

"Zilikuwepo siku zote hizi?" aliuliza.

"Siku zote," alisema Mwalimu Zephaniah.

Watu waligeukia upande wa Malaba, ambako anga yote ya chini ilikuwa imeunguzwa na weupe. Mgeni mmoja aliuliza ile sehemu inayong'aa kuliko zote ni mji gani.

"Si mji," Ajiko alisema. "Ni kwangu. Mimi nalala ndani ya ile."

Mgeni alidhani anatania, akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Brigid alimsogelea Ajiko, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ana chumba cha ziada, kwamba anaweza kukaa mwezi, hata mwaka.

"Na Okedi?" Ajiko aliuliza. "Na kuku, na mihogo? Nikiondoka pale, miaka iliyobaki ataimaliza peke yake. Tena wataongeza ukuta mahali nilipokuwa nimesimama."

Brigid alimzungushia blanketi lake mabegani.

Asubuhi Ajiko alirudi. Kwa kuwa njia yake ilikuwa imefungwa, ilimbidi apite kwenye geti jipya la yadi. Zamu ya Okedi ilikuwa imekwisha, na pale alikuwapo soja mwingine, Echodu, mwanajeshi mstaafu aliyeajiriwa wiki hiyo. Alikuwa na daftari.

"Jina, mama?"

"Ajiko."

"Kitambulisho." Alikiandika polepole, nambari moja moja. "Unatoka wapi?"

"Amukura."

"Unaenda kumwona nani?"

Ajiko alitazama ng'ambo ya kizuizi. Katikati ya matrela mawili aliona paa lake, na moshi wa jikoni, maana Okedi alikuwa amewasha moto.

"Siendi kumwona mtu. Naenda nyumbani."

Echodu aliinua uso, akauteremsha tena kwenye daftari, akaonekana kufadhaika kweli. "Hapa wamechora sehemu mbili tu, mama. Kuna dereva na kuna mgeni. Nikuandike wapi?"

Nyuma yake lori lilipiga honi. Dereva alitaka kuingia. Ajiko aliufuata mstari wa daftari kwa kidole, kana kwamba anatafuta sehemu ya tatu iliyosahauliwa. Hakuiona.

"Andika mgeni," alisema.

Echodu akaandika, akainua kizuizi. Ajiko alipita kando ya magurudumu, leso begani, mpaka mlangoni kwake. Okedi alikuwa amemwekea uji. Walikunywa, kisha Ajiko akamwomba kalamu na karatasi, akaketi kwenye kigoda akaanza kumwandikia chifu barua kuhusu njia. Aliandika mpaka alipofika kwenye anwani yake mwenyewe. Hapo alisita kidogo, akaandika jina la kijiji kama lilivyokuwa kabla watu hawajaanza kupaita yadi tu, akaendelea.